Aliyetumwa Asukwe Bure

"Dada, taratibu! Hicho ni kichwa, si mkeka."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nywele zako laini, zinateleza. Tulia."

Msusi alicheka, akapaka mafuta vidoleni, akaendelea. Ilikuwa siku ya tamasha la vijana, na kitambaa kilichotundikwa getini kilisema yote: kiingilio bure, kunyoa bure, kusuka bure, kupimwa macho bure. Nje ya hema mabinti walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi. Huyu aliyekaa kitini, binti anayeuza kwenye duka la dawa, hakupanga. Alipitishwa mbele kwa sababu ya ujumbe ulioingia kwenye simu ya Msusi:

"Mke wangu, namtuma binamu yangu. Msuke mistari midogo, usimweke foleni. Nakupenda."

Ujumbe ulitoka kwa Sukari, mpiga muziki wa tamasha. Ndiye mchumba wake. Jumapili wazee wa Sukari walikuwa waende kwa mama yake Msusi kupanga siku ya ndoa. Sasa mtu ametumwa na mchumba wako, utamkataaje?

"Umependa mistari midogo. Una harusi nini?" Msusi akauliza.

"Bado, ila ipo njiani." Binti akachekelea. "Si kaka yako huyo anayepiga muziki? Wifi, nisuke nipendeze, usiniaibishe!"

Mikono ya Msusi ikasimama.

"Nani wifi?"

"Wewe! Sukari kaniambia, yule msusi mrefu ni dada yangu, tumbo moja. Mimi nilitaka kwenda saluni. Akasema, saluni ya nini na dada yangu leo anasuka bure?"

Mungu akitaka kumuumbua mtu hahangaiki kutuma malaika. Humwachia ubahili wake tu.

Msusi hakupiga kelele. Alishika kitana vizuri.

"Mpigie," akasema. "Weka sauti ya juu, nami nimsikie kaka yangu. Mwambie tumefika nusu."

Binti akapiga.

"Mke wangu!" Sauti ya Sukari ikajaa hemani. "Umefika wapi?"

"Nusu kichwa. Wifi ananisuka vizuri mno."

"Si nilikwambia? Dada ana mkono mwepesi. Msalimie."

Simu ikakatwa. Msusi akatoa yake, akampigia mtu yuleyule, naye akaweka sauti ya juu.

"Mke wangu!" Sauti ileile, utamu uleule.

"Sukari, binamu yako mzuri kweli."

"Ah, achana naye, mtoto yule. Mama yake ndiye kanisumbua. Jumapili mmejiandaa? Baba ameshanyoosha shati!"

"Tumejiandaa."

Binti aligeuka kwa nguvu mpaka kitana kikaruka.

"Jumapili ya nini?"

"Ya kupanga ndoa yangu na yeye."

"Muongo! Wewe dada yake, unanijaribu!"

"Huu hapa ujumbe wake. Soma."

Akasoma. Akarudia kusoma.

"Binamu? Mimi? Mtu kala kwetu Ijumaa, kamwita baba yangu baba mkwe, leo mimi binamu?" Akasimama. "Niache nikamrarue!"

"Kaa."

"Sikai!"

"Kaa nimalize. Ukitoka hivi, upande mmoja mistari, upande mmoja kichaka, watakucheka wewe. Yeye hatachekwa."

"Una moyo gani wewe, dada?"

"Moyo wangu unaungua kama wako. Ila kichwa chako hakijanikosea."

Binti akakaa. Machozi yalimtiririka, na Msusi akasuka, kila mstari umenyooka.

"Unaniumiza."

"Najua. Vumilia. Hasira imeingia vidoleni."

Alipomaliza aliwaambia wa foleni, "Nisubirini, wanangu, narudi." Wakatoka wameongozana.

Sukari walimkuta nyuma ya jukwaa, amekalia spika, soda mkononi. Kuwaona wote wawili, soda ikampalia.

"Aa... umependeza kichwa. Mmeshajuana?"

"Tumejuana, kaka," Msusi akasema.

"Kaka?"

"Si tumbo moja? Basi tuambie ni tumbo la nani. La mama yako au la mama yangu?"

"Jamani, niko kazini. Twende tukaongee nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Binti akadakia. "Kwao au kwetu? Maana kote una kiti!"

Sukari akamvuta Msusi pembeni. Akadhani ananong'ona.

"Mke wangu, wewe ndiye wa ndoa. Huyu wa kupita tu."

Kofi la binti likalia. Vijana waliokuwa wanakunja nyaya wakageuka.

"Wa kupita?" Binti akafoka. "Baba yangu alikuombea dua mezani, umeitikia amina kwa mdomo huohuo! Wa kupita?"

Msusi hakumpiga. Alibonyeza namba, akaweka sauti ya juu, akamkabidhi Sukari simu.

"Huyo ni mama. Mwambie Jumapili huji. Na sababu uiseme mwenyewe."

"Siwezi."

"Kutudanganya uliweza."

"Halo? Mwanangu?" Sauti ya mama ikasikika.

"Shikamoo mama, ni... ni mimi."

"Marahaba, mkwe wangu! Mbona sauti imekukauka?"

"Mama, Jumapili... imetokea dharura."

"Itaje hiyo dharura," Msusi akasema.

Sukari akainamisha kichwa. Binti akaisogelea simu.

"Dharura ni mimi, mama. Shikamoo. Na mimi kanichumbia."

Kiti kikasikika kikivutwa upande wa pili wa simu.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Pole. Na wewe una mama?"

"Ninaye."

"Mwambie leo, usikae nalo peke yako." Halafu sauti ikabadilika. "Wewe kijana. Sikulaani, ulimi wangu nautumia kuomba. Tangu uliposema unamtaka mwanangu, kila alfajiri nimepiga magoti nikimwambia Mungu, nioneshe mkwe wangu kabla sijamfungulia mlango. Leo kanionesha. Mlango nimefunga. Usije ukaugonga."

Mbele ya jukwaa vijana walikuwa wanapiga kelele, "Muziki! Muziki!" Sukari hakusikia. Alipiga magoti kwenye vumbi, machozi ya kweli machoni.

"Nisamehe, mke wangu. Shetani tu."

"Shetani hajui kutuma ujumbe."

Kisha Msusi akamnyooshea mkono. Uso wa Sukari ukang'aa. Aliudaka haraka, akitaka kuinuka.

Msusi akauchomoa, akaukunjua tena.

"Simu yangu."