Kimya cha Koplo

Mtaa wa wauza redio siku hiyo ulikuwa na kelele za kumwamsha maiti akadai chai. Fundi Sauti alikuwa akitafuta waya. Huyu ni yule kijana ambaye watu huapa kwamba anaweza kumtoa nzi kwenye kanda ya harusi bila kumgusa bibi harusi. Akasikia nyuma yake: "Moja, mbili. Moja, mbili."

Akageuka. Gauni la bluu, kilemba cha manjano, na mwanamke ameshika maiki kama kashika sufuria ya moto.

"Dada, maiki haijaribiwi kwa hesabu. Iambie unachokipenda."

"Nawapenda wanaume wasionifundisha kazi," akaiambia maiki, na spika zote za dukani zikautangazia mtaa mzima.

Alikuwa mtunza kumbukumbu. Kazi yake ilikuwa kuwarekodi wazee waliopigana vita kabla hawajaondoka na habari zao. Waliachana pale wakiwa na namba za simu, na haukupita muda simu zenyewe zikawa hazipoi.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nakula sauti yako."

"Basi utakonda, baba."

Kisha kadi ya kinasa sauti cha Mtunza Kumbukumbu ikaharibika, na ndani yake mlikuwa na Koplo, mzee aliyempata kwa kumbembeleza. Akamkabidhi mpenzi wake aiokoe. Fundi akaiokoa, lakini mikono ikamwasha. Akatoa kikohozi, akatoa mlio wa kiti, akazidi kusafisha kama anayempikia mkwe. Alipomaliza, ile kadi ikakata roho, ikabaki nakala yake iliyong'aa.

Jioni simu ikaita.

"Kimya kiko wapi?"

"Kimya gani, mpenzi?"

"Nilipomuuliza Koplo habari za rafiki yake aliyebaki mtoni. Alinyamaza mpaka nikadhani amesinzia."

"Ah, kile. Nilikitoa. Hakikuwa na kitu."

"Hakikuwa na kitu?" Sauti yake ikashuka. "Lile ndilo jibu alilonipa. Umelitupa. Usinipigie tena."

Alimpigia. Simu ikaita mpaka ikachoka yenyewe.

Kesho yake Fundi akabeba kinasa sauti, akaenda kwa Koplo, mzee aliyedai kwamba aliwahi kudaka risasi kwa kikaango akairudisha kwa wenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Yule binti kanisimulia; ndiwe uliyeninyoa maneno?"

"Ndimi. Nimekuja kuomba uniambie tena. Sitagusa kitu."

Koplo akamtazama, kisha akamwonyesha kiti.

"Rafiki yangu alikuwa anakoroma kama lori bovu. Nikimtukana kila usiku. Tulipovuka mto bila yeye, nikalala, na hakuna aliyekoroma."

Akanyamaza. Kiti kikalia. Fundi alikalia mikono yake ili isimponze. Mzee alipofuta macho, ndipo akauliza:

"Umefuata vita hapa, au umemfuata yule binti?"

"Vyote, babu."

"Mwongo hodari huchagua kimoja."

"Nimemfuata yeye. Nataka kumuoa."

"Yeye anajua?"

"Hapokei simu."

"Hapo hata kikaango changu hakitakusaidia," akasema Koplo.

Asubuhi iliyofuata Fundi akaipeleka rekodi ofisini. Mtunza Kumbukumbu akavaa vipokea sauti masikioni, bila salamu, wala kumwonyesha Fundi kiti. Fundi akasimama ng'ambo ya meza, akisoma uso ule kama mshtakiwa anayemsoma hakimu. Mara macho yakajaa. Akakaa hivyo muda mrefu, bila kugusa kitufe. Mwishowe kona ya mdomo ikacheza.

Akavua vipokea sauti, akajiweka sawa kikazi.

"Hapa hatuhifadhi sauti ya mtu bila ridhaa yake. Koplo ameridhia?"

"Ameridhia."

"Kuna mwingine humu, anasema anataka kuoa. Huyo naye anaridhia?"

"Anaridhia."

"Asikike na yeyote, au tumfungie kabatini?"

"Asikike. Hata mtaa wa wauza redio."

"Na ikisharidhiwa, haikatwi, haisafishwi, hairudishwi. Umeelewa, mume wangu mtarajiwa?"

Fundi akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Naye akamwacha anyamaze mpaka amalize.