Kula kwa Niaba Yake

Kilichomshtua Mama Gyucheol mwanzoni ni kijiko. Alikiacha kikavu juu ya kabati la kando ya kitanda, kimefungwa ndani ya leso, na aliporudi kutoka kujaza chupa ya maji ya moto alikikuta kimelowa, kina joto la mdomo wa mtu. Akamtazama mwanawe. Gyucheol alikuwa chali, midomo imepasukapasuka kwa ukavu, na juu ya kichwa chake kibao chekundu kimeandikwa asipewe chakula wala maji. Hiyo ilikuwa siku ya tano tangu alazwe.

Kongosho lake lilikuwa limevimba. Daktari Pyo alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyekosa usingizi: kongosho ndilo hutoa maji ya kusagia chakula, na sasa maji yale yanalisaga lenyewe, hivyo lazima lipumzike. Kijana wa miaka thelathini na mmoja, mwenye mwili wake, kaangushwa na karamu za ofisini ambako hakuna anayethubutu kukataa glasi ya bosi.

Na mama mwenyewe alikuwa muuza uji. Miaka ishirini na mitatu sokoni, uji wa mchele, uji wa maboga, uji wa maharage mekundu, na nusu ya wateja wake ni watu wanaopeleka hospitali. Alikuwa amelisha wagonjwa wa mji mzima, na wa kwake haruhusiwi hata kulamba. Jambo hilo lilimkereketa rohoni kiasi kwamba siku ya tatu alifanya kosa.

Sokoni kila asubuhi, kabla hajauza, huchota kijiko cha kwanza akakirusha nje barabarani na kusema, "Gosure!" Ni fungu la wale waliokufa bila wa kuwakumbuka, wapate chao, wapite zao. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia, na wote walilitupa nje, hakuna aliyewahi kulitupa ndani ya nyumba. Lakini siku ile ya tatu alikuja na uji kwa mazoea tu, na madirisha ya ghorofa ya saba hayafunguki. Akadondosha kijiko kimoja cha uji kwenye kisahani, akakiweka miguuni pa kitanda, akanong'ona, "Gosure. Mwanangu hawezi kula. Kuleni nyinyi kwa niaba yake, apone upesi." Akajiona amefanya ukarimu.

Siku ya sita Gyucheol alipitishiwa mrija puani. Ulishuka ukapita tumbo, ukaenda kuishia kwenye utumbo mwembamba, ili kongosho lisichokozwe. Nesi Han akatundika mfuko wa chakula cheupe kama maziwa, akawasha mashine ya kudondosha.

"Haya mama, leo anakula."

"Huku ndiko kula? Hata hajafungua mdomo."

"Utumbo ukikaa mtupu unaoza, mama. Hiki kidogo ndicho kitakachomwokoa. Lakini kwa mdomo, hata tone la maji usimpe. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kitanda cha jirani kililaliwa na Mzee Bae, mwenye ugonjwa uleule, wake umeletwa na vijiwe vya nyongo. Yeye alishavuka mrija, sasa anapewa maji ya uji. Binti yake yuko ng'ambo, hivyo aliuguzwa na mwanamke wa kulipwa, Pilrye, mwenye miaka sitini na kitu na ulimi usiopumzika.

"Mama Gyucheol, ukiukodolea macho mfuko hivyo, hayo maziwa yatagandia humo," alisema Pilrye.

"Mwache mwenzio," Mzee Bae akadakia. "Mimi nikitoka hapa, tambi za baridi mabakuli mawili. Na huyu kijana nitamnunulia la tatu."

"Utamnunulia kwa pesa ya nani, babu? Kwanza malizia hayo maji ya uji."

Mama Gyucheol alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Alimpenda yule mzee.

Mfuko ulitakiwa udumu mpaka jioni. Ulikwisha kabla ya sinia za chakula cha mchana kufika, ingawa kasi iliyowekwa kwenye mashine haikubadilika. Nesi Han akaugeuzageuza, akatundika mwingine, nao ukakauka. Siku ya saba, siku ya nane, chakula kinaingia na kijana anakwisha. Mashavu yakabonyea, mikono ikabaki mifupa. Daktari Pyo alibadilisha mashine, akapiga picha kuona kama mrija umehama. Haukuwa umehama.

"Kinaingia," alisema, akikwepa macho ya mama. "Ila ni kama hakimfikii yeye. Tukiendelea hivi siku tatu nne, mama, sitakuficha, itakuwa vigumu."

Kisha ikaja harufu, ya wali uliochacha kwenye chungu cha udongo chenye unyevu, na ilikuja saa za sinia tu, asubuhi, mchana na jioni. Pamoja nayo ikaja sauti ya kutafuna. Mama Gyucheol aliwatazama wagonjwa mmoja mmoja. Wote walikuwa wanakunywa vitu laini, hakuna aliyekuwa anatafuna. Sauti ilitoka miguuni pa kitanda cha mwanawe, pale alipokuwa ameweka kisahani.

Mchana wa siku ya tisa, kigari cha sinia kikiwa bado kinagongagonga koridoni, alisikia, "Mama, nipe kijiko kimoja tu."

Ilikuwa sauti ya Gyucheol, ileile ya utotoni alipokuwa akimning'inia kwenye aproni mbele ya sufuria, na mama akasahau kibao chekundu, akamsahau Nesi Han na tone la maji, mkono wake ukafungua wenyewe chupa ya uji, ukachota, ukapeleka kijiko mpaka karibu na midomo ile iliyopasuka, na hapo ndipo alipoona kwamba midomo imefumbwa, imefumbwa kabisa, na macho ya mwanawe yako wazi yakimtazama kwa hofu, na kichwa chake kinatikisika hapana, hapana, hapana, huku sauti ikiendelea kuomba kutoka chini ya shuka, kijiko kimoja tu, Mama, kimoja tu, ulisema nile, ulinikaribisha mwenyewe.

Kijiko kikaanguka sakafuni. Kabla hajainama kukiokota, uji uliomwagika ulikuwa umeshalambwa.

Pilrye alikuwa amesimama nyuma yake, kakunja mikono, na safari hii hakuwa na utani.

"Ulimkaribisha nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dada, mimi sikujua..."

"Sijakuuliza ulijua nini. Ulisema maneno gani?"

Akamwambia yote. Pilrye alifumba macho.

"Ndani? Tena kwa niaba yake? Mama Gyucheol, umempa kiti cha mwanao mezani."

"Nitafanyaje, dada? Nisaidie. Sina mwingine."

"Kwetu milimani bibi yangu alikuwa akiwatoa wageni wa namna hii. Nimeona mara nyingi. Jioni manesi wakikabidhiana zamu wanakusanyika wote kule mezani kwao. Nusu saa inatosha."

Jioni hiyo Pilrye alichanganya uji na soya iliyochacha ndani ya bakuli la bati, akatia nywele tatu za Gyucheol. Akamtaka ateme mate ndani. Kijana alihangaika mpaka akapata tone moja. Kisha akachukua kisu cha kumenyea mapeari, akakipitisha juu ya kichwa cha mgonjwa mara tatu, na kufoka kwa sauti iliyobanwa:

"Wewe usiye na kwenu! Umekula, umekunywa, umeshiba. Chukua hiki cha njiani uondoke. Usipoondoka nitakufunika chungu cha chuma, usisikie hata harufu ya wali milele!"

Akakirusha kisu sakafuni kuelekea mlangoni. Ncha ikielekea nje, mgeni ametoka. Kikazunguka, kikasimama, ncha ikamwelekea Gyucheol. Akakirusha tena, na tena ncha ikarudi kwa Gyucheol. Chini ya kitanda meno yaligongana, haraka haraka, na mfuko wa chakula ukaanza kunywea wenyewe kama unaofyonzwa.

"Cha tatu hurushwa kwa kupa mgongo," Pilrye alinong'ona, jasho likimtiririka. "Wewe ndiye utakayeniambia kimeelekea wapi. Hakuna cha nne."

Akageuka ukutani, akakirusha juu ya bega. Kisu kikaserereka, kikazunguka polepole kupita kawaida ya kisu, kikasimama. Hakikumwelekea Gyucheol, wala hakikuelekea mlangoni. Kilikielekea kitanda cha Mzee Bae, aliyekuwa amesinzia, bakuli lake la maji ya uji likiwa nusu kifuani.

Mama Gyucheol alikuwa na muda wa kusema. Hata baadaye, alipojitetea moyoni, hakuweza kujidanganya kwamba hakuwa na muda. Alimtazama mzee, akamtazama mwanawe, ambaye kwa mara ya kwanza baada ya siku nne alikuwa anapumua kwa utulivu. Akanyoosha mguu wake wenye ndala ya hospitali, akausukuma mpini kidogo, mpaka ncha ikatazama mlango.

"Kimeelekea wapi?"

"Mlangoni."

"Una hakika?"

"Njoo uone mwenyewe, dada."

Pilrye aligeuka, akaona, machozi yakamlengalenga. Akambusu Mama Gyucheol kwenye paji la uso, akafunika bakuli na kulikimbiza chini akalimwage nyuma ya maegesho ya magari.

Tangu jioni ile mfuko wa Gyucheol ulidumu muda wake. Vipimo vikashuka, mashavu yakajaa, na baada ya wiki moja mrija ukatolewa. Alikunywa maji ya uji, kisha uji wenyewe, uji wa mama yake, na mama akalia mbele ya wodi nzima. Daktari Pyo alisema utumbo una siri zake.

Mzee Bae alikuwa akimaliza kila kitu. Sinia yake ilirudi imelambwa, na kila siku shingo yake ilizidi kuwa nyembamba. Hakutaja tena tambi za baridi. Wakamrudishia kibao chekundu, kisha mrija.

"Sielewi," Pilrye alisema, akimkanda miguu iliyobaki ngozi. "Ulikuwa unakula, nilikuona, babu, mbona unanikimbia? Mama Gyucheol, wewe hujaona kitu? Husikii kitu saa za sinia?"

Alikuwa akisikia meno yakitafuna kila siku, tangu jioni ile ya kisu.

"Hapana, dada," alisema. "Ni uzee tu."

Asubuhi ya kuruhusiwa, Gyucheol alisimama mlangoni mwa wodi na begi lake, amevaa nguo zake mwenyewe. Mama yake alikuwa anamuaga Pilrye, anamtia mkononi chupa ya uji bado wa moto, anashukuru haraka haraka ili aondoke kabla kigari cha sinia hakijafika. Kikafika. Kiligongagonga koridoni, na harufu ya wali uliochacha ikajaa chumbani.

"Mama," ilisema sauti kutoka kitanda cha Mzee Bae, "nipe kijiko kimoja tu."

Ilikuwa sauti ya Gyucheol. Na Gyucheol alikuwa mlangoni, mdomo umefumbwa, uso umemgeuka majivu.

Pilrye alimtazama mzee wake. Akamtazama kijana. Kisha akatazama sakafu pale kisu kilipokuwa, na macho yake yakapanda taratibu mpaka yakafika kwenye mguu wa Mama Gyucheol.