Shahidi wa Mkono wa Kushoto

"Elfu arobaini! Kwa elfu arobaini umemfungia mzee wa watu kliniki?"

"Si pesa, dada, ni haki. Kaning'oa jino zima, bovu kaliacha."

"Na upande wa kung'oa, nani alimtajia?"

Fundi cherehani alikanyaga pedali kuzima swali la dada yake, mashine ikanguruma. Miaka ishirini amepima wateja wakimkabili, na kila kilicho kulia kwake yeye ni kushoto kwa mteja. Basi siku daktari wa meno alipompa kioo amwonyeshe jino linalouma, aliusoma uso wake mwenyewe kama wa mteja. "Kushoto, juu!" Mzee akaligonga jino. "Hili, mama?" Naye, hasira puani, akamkata: "Nimeshasema. Ng'oa!"

Kosa alilijua kabla ganzi haijaisha. Yeye aliyejigamba mtaa mzima kwamba haibi kitambaa wala hasemi uongo, akaenda Baraza la Leseni kuandika kwamba mzee hakumuuliza kitu. Fomu ilitaka shahidi aliyeona. Shahidi hakuwapo. Fundi akabuni jina la mtu asiyezaliwa, akalitilia saini kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane. Wiki hiyohiyo kliniki ikapigwa kufuli, kusubiri kikao.

Halafu vitambaa vikaanza kunuka dawa ya ganzi.

"Fundi," mteja mmoja aliuliza akijaribu gauni mbele ya kioo kirefu, "huyo ndugu yako mbona nikimsalimu haitikii?"

"Ndugu yangu yupi?"

Mteja aligeuka nyuma, hakukuwa na mwingine ila fundi. Akavua gauni harakaharaka, hata chenji hakudai.

Fundi akabaki peke yake, saa nane mchana, jua limejaa mlangoni. Aliinua mkono wa mkasi, na yule wa kwenye kioo akainua mkono mwingine. Akasogea mlangoni, yule asisogee. Na pale alipotaka kupiga kelele akasikia, ndani ya kinywa chake mwenyewe, pale kwenye pengo, kitu kama kucha kikigonga jino la jirani, taratibu, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kuwa ina wenyewe.

"Hilo umeliita wewe," dada yake alinong'ona aliposikia. "Mganga wa nini? Kafute uliloliandika."

Kesho yake akaenda. Kwenye benchi la Baraza alikaa daktari, kofia magotini. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Mzee akanyanyuka kidogo, akamwachia nafasi.

"Lile lililobaki, mama, bado linauma?"

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Dirishani alisema yote ila la shahidi, mzee akisikia kila neno. Karani aliandika, kisha akainua kichwa.

"Kufuta tunafuta, mama. Ila mpo wawili mlioapa. Shahidi naye lazima aondoe saini yake. Kikao ni Alhamisi. Asipoiondoa, mzee wetu leseni ndiyo basi tena."

"Shahidi… hayupo."

"Hayupo vipi? Jana alikuja hapa kuthibitisha." Karani alimkazia macho. "Mnafanana kweli. Pacha wako?"

Fundi alirudi na karatasi ya kuondoa saini mkononi. Alifunga mlango wa duka, akapiga magoti mbele ya kioo. Yule wa ndani hakupiga magoti. Alisimama akimtazama kwa juu, shavu limevimba upande usio wa fundi, na pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo kwa ndani.

"Nisamehe," fundi alilia. "Nilisema uongo. Mzee wa watu hana kosa. Weka saini, uende zako."

Mkono wa kushoto ulitoka kwenye kioo kama unaotoka majini, ukachukua karatasi, ukachukua na kalamu. Ukatia saini. Ilikuwa saini ileile, haikupotea hata nukta.

Lakini mkono haukurudi ndani. Uligeuza kiganja juu, ukangoja.

"Jina ulinipa," yule wa ndani alisema, kwa sauti ya fundi mwenyewe. "Ninakudai mwili."