Kompyuta Iliyofungwa Kamba

Wewe unayenisoma, umewahi kuona kompyuta iliyofungwa kamba kama mbuzi? Mimi niliiona sebuleni kwangu, Kifanya. Ukichomoa waya ukutani, inazima. Ukichomeka, inawaka. Mwenye nayo, mjukuu wangu Oktavia, alikuwa amekaa sakafuni chini ya soketi, analia bila sauti, miguu ina matope mekundu ya mashamba ya Mawengi, alikotoka kazini.

"Imezima mbele ya wakulima, Bibi. Nimeandikisha watu wanne tu. Mzee mmoja akasema, 'Binti, mashine yako imelala, na sisi twende tukalale?' Wakacheka, wakatawanyika."

"Si ilikuwa inakaa na chaji kutwa nzima?"

"Dukani ilikaa. Yule fundi aliyetuuzia ametuibia."

Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio, kuandikisha wakulima wa parachichi wa kampuni moja ya wanunuzi. Akifanya vizuri Mawengi, wanamwajiri. Nikiwa bado natafuta neno la kumpoza, meseji ya kampuni ikaingia. Akanisomea:

"Oktavia, Mawengi tumempa mwenzako. Pole sana."

Haikupita muda, simu ikaita. Ronald, mchumba wake. Akaiweka kwenye spika.

"Mpenzi, mbona hujibu meseji zangu? Nimeuliza uko wapi, uko na nani, unarudi saa ngapi. Kimya!"

"Nimekosa kazi, Ronald."

"Basi usilie. Nilikuambia kuzurura milimani siyo kazi yako. Jumapili tangazo letu la ndoa, la tatu, linasomwa kanisani. Ukishaingia kwangu utakaa kaunta, umejifunika kitenge, unakunywa chai. Soketi ziko sita pale!"

Nami, nisifiche, nilimpenda kijana huyu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Makambako, ana heshima, na siku ya mahari aliniletea blanketi la bibi, zito, lenye picha ya chui, hata mashosti zangu wa jumuiya walilipapasa mmoja mmoja. Nilikuwa nimejifunika hilohilo.

Tena siku ya kununua kompyuta nilikuwepo. Fundi Nahumu alitandika tatu mezani. Ronald akashika ile kubwa inayong'aa. Oktavia akazinyanyua moja moja, kama mtu anayepima kuku sokoni, akabaki na ile ndogo ya mtumba, pembe imechubuka kidogo.

"Nataka hii. Nyepesi, bei naiweza, na nikiwa shambani isinidai umeme mpaka jioni."

"Hii?" Ronald akacheka. "Kama kitabu cha nyimbo! Watu watasema nimeposa mtoto wa shule."

"Usiidharau, kaka," Nahumu akasema. "Naiacha inawaka. Nendeni mkale, mkazunguke sokoni, mrudi."

Tulikula makande, tukanunua viazi, tukabishana bei ya sufuria. Tuliporudi alasiri ilikuwa bado inawaka. Oktavia akalipa kwa fedha yake mwenyewe. Ronald akaichukua kwapani: "Nikuwekee programu, nitakuletea Jumamosi." Akaileta kweli, ameifunga kwa utepe.

Kwa hiyo asubuhi, ukungu haujainuka, nikajitupia blanketi langu begani, tukashuka Makambako kumgombeza fundi.

"Kamwene, bibi," Nahumu akatusalimu.

"Kamwene yako kaa nayo! Umemuuzia mtoto wangu jiwe."

Akaipokea kompyuta. Akafungua skrubu, akachungulia, akamtazama Oktavia.

"Dada, mbona hili mnalijua? Hii ni betri ya zamani, imechoka. Mchumba wako aliirudisha kompyuta siku ileile. Akasema utaandikia nyumbani tu, umeme upo, nzuri anaihitaji kwenye mashine yake ya dukani. Nikaitoa, nikaweka hii, ile nzuri nikampa mkononi."

"Ya dukani kwake ni ile kubwa ya mezani," Oktavia akasema polepole. "Ile haina betri."

Nahumu akafuta mikono kwenye suruali. "Mimi nilijua mmekubaliana, dada. Si mnafunga ndoa?"

Tukaenda dukani kwa Ronald, alikuwa anapima misumari. Kutuona, uso wote ukamng'aa.

"Bibi! Shikamoo! Mpenzi, mbona hukusema mnakuja?"

"Betri yangu iko wapi?"

"Betri gani?"

"Ronald."

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Ronald akanitazama, akamtazama Oktavia, akavuta droo. Betri ilikuwa imeviringishwa kwenye nailoni, safi, haijaguswa. Akaiweka kaunta.

"Sikuiuza," akasema. "Niliitunza."

"Umenitunzia?"

"Oktavia, nisikilize. Mama yangu alianza hivihivi. Alipata biashara ya kwenda Mbeya, akawa anarudi jioni, akawa anarudi Jumamosi, mwisho hakurudi. Mimi nilikuwa nakaa pale nje namngoja. Sitaki kungoja tena mtu. Nilifikiri kazi ikikushinda, utatulia. Utasahau kunikasirikia."

"Ulinisikia nikilia kwenye simu. Ukaniambia soketi ziko sita."

"Nilikuwa nakupenda!"

"Wale wakulima walinicheka, Ronald. Nikadhani ni bahati yangu mbaya. Tukamtukana fundi wa watu."

"Nitairudisha sasa hivi. Nitakununulia mpya. Bibi, mwambie basi! Tangazo la tatu ni keshokutwa, mama mdogo ameshashona sare. Watu watasema nini?"

Mteja akaingia kuulizia bati, akaona nyuso zetu, akatoka.

Ningeweza kumwambia mjukuu wangu avumilie. Neno hilo lilikuwa limeshafika mdomoni, maana ndilo nililoambiwa mimi. Nikaliacha. Nikavua blanketi begani, nikalikunja mara mbili, chui akaingia ndani, nikaliweka kaunta kando ya betri. Ronald akaliona, akashika ukingo wa kaunta. Kwetu blanketi la bibi likirudi, posa imerudi, hakuna wa kuuliza maana yake.

"Bibi, jamani..."

"Sijasema neno, mwanangu. Wewe na mimi tumemsemea sana. Oktavia, ulitaka nini?"

Akaichukua betri, akaitia kwenye mkoba pamoja na kompyuta. Akamgeukia Ronald.

"Nilitaka niende kazini, jioni nirudi nikukute. Kukurudia wewe ndiko nilikokutaka, Ronald. Sasa nataka kwenda tu."