Mchumba Wangu, Mtu wa Mashada

"Haya, bibi harusi, tuanze na rangi. Unataka nyeupe tupu, au nyeupe iliyochanganywa na kijani kidogo?"

Mpambaji alikuwa anamuuliza binti yangu. Kalamu mkononi, tabasamu hadi masikioni. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu ya kung'olewa jino.

"Bibi harusi ni yule pale," binti yangu akasema.

"Yupi?"

"Mama yangu."

Mpambaji akageuka. Akanipima kuanzia viatu hadi mvi, akarudi tena kwenye viatu.

"Ni mimi, mwanangu," nikamwambia. "Usiogope. Meno yote ni yangu, ukiacha manne."

"Jamani, shikamoo! Nisamehe, mama. Sogea uone sampuli."

Nikasogea. Na hapo, nisidanganye, utani wote ulinitoka. Tulikuwa kwenye baraza ya hoteli, bahari imejitandaza chini yetu kwa buluu ambayo hakuna duka la vitambaa linaloiuza, na mezani palikuwa na okidi nyeupe, kila moja ina tone la dhahabu kooni, kama imemeza jua kidogo na haitaki kusema. Kulikuwa na waridi kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Maua mengi nimeyaona, lakini sijawahi kuona ua linalomfanya mtu ashushe sauti.

"Yanapumua haya?" nikanong'ona.

"Ndiyo maana nayataka," binti yangu akasema. Alinishika bega. "Mama, wewe na baba mlifungia ndoa ofisini, picha moja, tena baba amefumba macho. Safari hii nataka vioo virefu, okidi juu, shanga zikining'inia. Nataka watu wakiingia wakae kimya. Wewe hujawahi kukaliwa kimya."

Huyo ndiye mwanangu wa pekee. Anafanya kazi ng'ambo, ana watu arobaini chini yake, na alikuwa na siku mbili tu tangu ashuke kwenye ndege. Mchumba wangu alikuwa hajamwona. Kwenye simu nilimwambia ni mtu wa maua. Ni kweli tupu. Sikusema tu maua ya nani.

Mwenyewe akatokea mlangoni, kofia mkononi, shati limepigwa pasi likapigika. Akaitikia salamu kwa kichwa, maana ni mtu wa maneno machache, akaenda moja kwa moja kwenye waridi na kuligusa shina kwa kidole kimoja.

Mpambaji akapiga kofi la furaha.

"Jamani! Si Mzee Mashada huyu? Wa pale mkabala na mochwari? Ulitutengenezea shada la bosi wetu, Mungu amrehemu. Lilikuwa zuri, kila mtu alilisifu kuliko marehemu!"

Nadhani hata mawimbi yalisita kidogo.

"Mama," binti yangu akasema taratibu. "Njoo hapa."

Akanivuta mpaka kwenye ukingo wa baraza.

"Uliniambia mtu wa maua."

"Kwani yale anayosuka ni mchicha?"

"Usinichekeshe, sitaki kucheka! Mtu anayesubiri watu wafe ndiyo apate kazi?"

"Hasubiri, mwanangu. Wanakufa wenyewe."

"Mama!" Akashika ukingo kwa mikono miwili. "Baba alipokufa mimi sikuwepo. Ndege hazikuruka siku nne. Sikumzika baba yangu. Mpaka leo nikiona shada la mazishi dukani navuka barabara. Na wewe, kwa wanaume wote wa mji huu, ndiyo umeniletea huyu?"

"Nilitaka umjue kwanza kabla ya..."

"Chagua. Akisimama yeye kwenye harusi hii, mimi sipo. Nabadilisha tiketi narudi kazini."

Nina utani wa kila msiba, lakini huo haukuwa na wake. Baraza haikuwa kubwa. Nilipogeuka, mchumba wangu alikuwa anavaa kofia yake taratibu, kama mtu anayefunika chungu, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile ujumbe ukaingia kwenye simu yangu:

"Bibie, nimesikia. Wewe una mtoto mmoja, na wachumba wazee wamejaa kila kona. Usigombane na damu yako kwa ajili yangu. Nimejitoa. Pete ukitaka kaa nayo, ukitaka itupe."

Nikaandika: "Wachumba wazee wako kona gani? Nielekeze." Hakujibu.

Basi nikakaa kitandani nikakumbuka tulivyoanza. Miaka sita iliyopita, kwenye mazishi ya mume wangu, kulikuwa na mashada kumi na mawili yaliyofanana kama sare za shule, na moja lisilofanana na kitu. Lilisukwa kwa maua ya maharage, na katikati ya maua kulikuwa na vikofia vidogo vya magazeti, vimekunjwa kwa ustadi. Nilisimama pale nikashindwa hata kulia kwa mshangao. Mume wangu alikuwa mtu mzito, karani, hacheki ovyo. Lakini akiwa peke yake alikuwa anakunja vikofia vya magazeti na kuyavika maharage yake aliyoyapanda kwenye kopo. Mimi nilimfuma tu kwa bahati. Nani mwingine alijua? Kadi haikuwa na jina.

Nikajua: kuna mwanamke.

Nikamtafuta aliyelisuka. "Nani alikuagiza lile shada?" Akasema, "Sisemi, mama. Karibu ukae." Wiki iliyofuata nikarudi kumuuliza. Hakusema, akanipa kiti kizuri zaidi. Nimeuliza miaka sita. Humo humo katikati ya kuuliza, moyo ukaenda na maji.

Asubuhi nikamwamsha binti yangu.

"Vaa. Nisindikize nikarudishe pete."

Akakaa kitandani. "Kweli, Mama?"

"Kweli," nikasema, ingawa sikuwa na nia ya kuivua, vidole nimevificha nyuma ya gauni.

Njiani alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua anajisikia vibaya, na nilimwacha ajisikie, kwani nilimzaa ili nimbebee kila kitu?

Karakana ya Mzee Mashada ni chumba kimoja chembamba. Ukutani pete za waya zimetundikwa kwenye misumari, kubwa kwa ndogo. Chini kuna ndoo za majani, na tepe za kila rangi kwenye mijiti. Mlangoni kuna benchi, na ng'ambo ya barabara ndiyo geti la mochwari. Tulimkuta na mteja, mwanaume wa makamo, amekunja picha ya dada yake mkononi. Tukasimama nje ya mlango.

"Weka lolote tu, mzee," mteja alikuwa anasema. "Jekundu, jeupe, sijui."

"Rangi tuziache kwanza," mchumba wangu akamjibu kwa ile sauti yake ya chini. "Niambie kitu kimoja. Dada yako alikuwa anapenda kufanya nini akiwa peke yake, akidhani hakuna anayemwona?"

Binti yangu akanishika mkono. Akaubana mpaka pete ikaniuma.

Yule mwanaume aliikunjua picha. Halafu akacheka, halafu machozi. "Alikuwa anagombana na redio. Mtangazaji akisema kitu, yeye anambishia, mikono kiunoni."

"Haya," mchumba wangu akasema. "Sasa tunaweza kuanza." Akanyanyuka akaurudisha mlango, ili yule mtu alie bila kutazamwa.

Tulikaa kwenye benchi. Binti yangu alikuwa anautazama mlango kama karatasi ya mtihani.

"Vipi wewe?"

"Nyamaza kidogo, Mama."

Mteja alipotoka, binti yangu aliingia kabla yangu. Mchumba wangu akasimama, waya mkononi.

"Kama mmekuja na pete, iwekeni tu hapo mezani, sina neno."

"Miaka sita iliyopita," binti yangu akasema, "kuna mtu alikupigia simu kutoka ng'ambo. Ulimuuliza swali hilo hilo."

"Wanapiga wengi."

"Alikueleza habari ya vikofia vya magazeti."

Mikono yake ikasimama. Katika miaka sita sijawahi kuiona mikono ile imesimama.

"Binti yangu," akasema, "mteja akilia humu, kilio chake hakitoki nje. Siwezi kukuambia ndiyo, wala siwezi kukuambia hapana. Hata mama yako ameniuliza mpaka nimemchumbia, sijamwambia."

"Mteja ni mimi! Nakuruhusu!"

Akaweka waya mezani.

"Basi ndiyo. Ulilia saa nzima na dakika kumi. Chaji ilitaka kuisha, nikakimbia kwa fundi viatu kuchomeka simu ili usikatike. Uliniomba nisiandike jina, ulisema mtoto asiyekuja kuzika hastahili kuandikwa. Sikuafiki, lakini nilitii. Jana pale barazani nilikujua ulipoanza kuongea na mama yako."

"Na ukaondoka tu? Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenikubali kwa deni. Sikutaka."

Mimi nilikuwa nimeegemea mlango.

"Kumbe mwanamke mwenyewe ni wewe!" nikamwambia binti yangu.

"Mwanamke gani?"

"Miaka sita namlaani hawara wa baba yako! Nimemwombea vipele, nimemwombea meno yote yamtoke!"

Akaniangalia. Akaanza kucheka, ikageuka kilio, akakaa chini katikati ya ndoo, na gauni lake la ng'ambo likaloa maji. Mchumba wangu akachuchumaa mbele yake. Hakumgusa, alikaa tu hapo.

"Sikuwa najua sura yako," binti yangu akasema. "Wewe ndiye mtu pekee niliyemzika naye baba."

Hapo niliogopa. Si woga wa nyoka, ni ule wa kusimama karibu na kitu kikubwa. Nilikuja kwa ujanja wangu mdogo wa kizee, nikidhani nitawakutanisha wapatane kwa aibu. Kumbe walikuwa wamekutana zamani, mimi nazunguka tu nje.

Binti yangu akajifuta pua.

"Mama, toka nje."

"Mimi?"

"Tuna kazi. Anataka kuniuliza swali kuhusu wewe."

Nikatolewa kwenye karakana ya mchumba wangu kama paka. Nilitega sikio mlangoni, lakini ule mlango ni mnene. Nilisikia tu wanacheka. Halafu binti yangu akampigia simu mpambaji, sauti ya umeneja imemrudia mpaka ikapenya mlango: "Vioo toa. Shanga toa. Okidi ziache, nitakwambia zinakwenda wapi. Na mama yangu akikuuliza, hujui kitu."

Wiki mbili nilimuuliza mpambaji, hajui kitu. Nilimuuliza mchumba wangu, nikajibiwa kama ilivyo kawaida yake.

Siku ya harusi, saa kumi alasiri, binti yangu aliniteremsha ngazi za hoteli hadi ufukweni, mkono wake machoni pangu. Viatu nilivibeba. Nilisikia kitu kinapiga hewani, taratibu, kama mabawa makubwa.

"Fumbua," akasema, akautoa mkono.

Palikuwa na mashuka. Meupe, yamefuliwa yakafulika, yameanikwa kwenye kamba safu kwa safu kutoka mchangani hadi ukingo wa maji, na upepo wa bahari unayajaza na kuyaachia. Kwenye pindo za chini okidi zimefungwa kwa waya mwembamba, mamia, ndizo uzito unaoyazuia yasiruke, kwa hiyo kila shuka likipanda, maua yanapanda nalo, likishuka, yanashuka. Jua linapita ndani ya kitambaa. Wageni wamesimama pande zote mbili, na hakuna aliyekohoa.

Nikaweka viatu mchangani.

Miaka thelathini na moja nilifua mashuka ya hospitali. Kila mchana nikimaliza kuanika, nilikuwa naingia katikati ya safu, nafumba macho, mashuka yananigusa pande zote, baridi, yananukia sabuni. Dakika mbili tu. Ndizo zilizokuwa zangu peke yangu katika siku nzima. Sikumwambia mtu yeyote. Mume wangu alikufa hajui.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza binti yangu.

"Nilikuwa nakuona. Nikitoka shule nilikuwa nasimama nyuma ya tangi la maji."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ulikuwa mzuri sana, Mama. Niliogopa kukuharibia."

Akaniachia mkono. "Nenda. Pita katikati."

Nikapita. Shuka likanigusa shavu, baridi. Nikafumba macho, kwani nilishazoea, nikatembea hivyo hivyo, maua yakinigonga magoti, hadi nilipohisi hakuna kitambaa tena, ni upepo tu. Nikafumbua. Mzee Mashada alikuwa amesimama mbele ya maji, vidole vyote amevifunga plasta kwa kuchomwa na waya.

"Umepapenda?" akauliza.

"Nyamaza," nikasema. "Nitakujibu baada ya miaka sita."

Mfungishaji ndoa akafungua daftari lake. "Shahidi wa bibi harusi?"

Mpambaji akainua mkono, machozi yamemharibia wanja wote.

"Wa bwana harusi? Ndugu yake ni nani hapa?"

Mchumba wangu akatazama chini. Hana ndugu, waliobaki aliwasukia mashada mwenyewe. Wageni wakaanza kutazamana. Ndipo nikamwona binti yangu anatoka upande wangu, anapita mbele yangu bila hata kuniomba radhi, anakwenda kusimama bega kwa bega na mwanaume wangu.

"Ndugu yake ni mimi."

"Wewe si binti wa bibi harusi?"

"Ndiyo. Lakini siku ile kwenye simu nilikuwa namwita kaka, saa nzima, na hakunikataa. Andika dada."

Mfungishaji ndoa akavua miwani. "Samahani, mama. Binti yako ni dada wa mumeo?"

"Wewe andika," nikamwambia. "Mimi ndiye mama mtu, sijalalamika."

Akaandika.