Aliyeita Kutoka Nguzo ya Kwanza

Bomba la kwanza la chuma, la nguzo ya daraja jipya, lilipozamishwa ukingoni mwa mto Sebeya, lilianza kunuka mafuta ya kupaka watoto wachanga. Straton, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyeisikia harufu hiyo mwanzo. Akadhani inatoka kwake, akanusa viganja. Vilinuka moshi wa chuma tu.

Daraja lile lilikuwa limesubiriwa sana. Mto ulipofurika na kulibeba la zamani, ulibeba pia nyumba ya Straton, na ndani yake Keza, binti yake wa miezi minane, ambaye hakuonekana tena. Siku mkandarasi aliposaini mkataba na kutangaza kazi, Straton alikwenda kujiandikisha. Alimwambia mkewe kwamba angalau mikono yake ingefunga kitu juu ya maji yale. Drocella, mzaliwa wa Goma aliyeshinda akivuka mpaka na mboga zake, akajitwika kapu lake akaondoka.

Mchana mmoja alimletea chakula. Mashine ya kugongea nguzo ilikuwa imezimwa ili watu wale, na shanti yote, eneo zima la ujenzi, ilikuwa kimya. Drocella akapita kando ya bomba, akasimama ghafla, akaliwekea shavu. Kisha akatabasamu, jambo ambalo Straton hakuwa ameliona tangu mafuriko.

Toka hapo akawa anakuja kila mchana. Biashara akaiacha. Chakula nacho kikamshinda, akakonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Mafundi wakaanza kulikwepa bomba lile, maana nao sasa walisikia: mtoto, chini kabisa kwenye maji yaliyonaswa ndani, akiita mama. Halafu ikaja siku Straton alipomkuta mkewe amepanda ngazi na kuinama juu ya mdomo wa bomba, mpana kiasi cha mtu kutumbukia, kitenge chake kikining'inia ndani, naye Straton alipomkumbatia kiunoni ili amshushe alihisi kitenge kile kinavutwa kutoka chini, taratibu, bila papara, kwa nguvu ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuwa nazo, huku ile sauti ikipanda, laini, yenye majimaji, ikiita mama, mama, mpaka kitambaa kikachanika na wote wawili wakaanguka kwenye kokoto.

Straton alikuwa Mkatoliki, lakini jioni hiyo alikwenda kwa Maalimu Kimenyi, mzee wa msikitini aliyekulia Tabora. Kesho yake Maalimu akaja, akasikiliza sana kwenye chuma, akawageukia wazazi.

"Mtoto wenu alikuwa ameanza kusema?"

Straton akatikisa kichwa. Keza hakuwahi kusema hata neno moja.

"Basi huyu siye. Ni jini la maji. Limekusikia unavyolia, mwanangu, likajifunza neno unalolitamani," akamwambia Drocella.

Drocella hakushtuka. "Najua haiko yeye, Maalimu," akasema polepole, kwa Kiswahili cha kwao Goma. "Lakini Keza hakuniitaka mama, hata mara moja. Sasa nani ataniita?"

Maalimu akafungua kitabu chake cha kisomo. Kisha akamweleza kwa upole kwamba hakuna kisomo kitakacholitoa maadamu yeye analiitikia. Lazima alikatae kwa kinywa chake. Akaanza kusoma, akinyunyiza maji aliyoyaombea. Ndani ya bomba sauti ikabembeleza, ikadeka, ikaita. Drocella alishika ukingo wa chuma kwa mikono miwili.

"Sikujui. Hauko mutoto yangu. Toka."

Maji ndani ya bomba yakachemka, yakazunguka, yakashuka. Hapo ndipo kilipotoka kilio. Hakikuwa na neno lolote ndani yake. Kilikuwa kilio cha mtoto wa kunyonya, chenye kwikwi ndogo katikati, vile Keza alivyolia alipoondolewa titi kabla hajashiba, na kikaenda kikififia chini ya mto kuelekea ziwani, mpaka kikakatika. Maalimu, ambaye hakumjua Keza, alifunga kitabu na kumshukuru Mungu. Straton hakuthubutu kumtazama mkewe.

Zege likamiminwa ndani ya bomba siku hiyo hiyo, na kazi ya nguzo ya pili ikaanza.

Nyumbani, kwenye chumba walichopanga mtaa wa Nengo, Drocella alipika na kula. Alipomaliza akanawa, akaketi.

"Ulisikia vile alilia?" akauliza.

Straton akamwambia hakusikia kitu.

Drocella akamtazama kwa muda mrefu, kisha akavuta sahani ya mumewe, akamwongezea mboga.