Mlango wa Moyo Unapopimwa Tena

Fundi alikuwa barazani akishona sare za shule, mkewe kando yake akipiga pasi. Kabla ya kupasuliwa moyo, kukanyaga cherehani kidogo tu kulimkata pumzi. Sasa alishona huku akipiga mluzi.

"Kesho ni kliniki," mkewe alimkumbusha.

"Kliniki ya nini, mama watoto? Nakula, nalala, nashona. Mgonjwa yuko wapi?"

Kumbe alikuwa na lake. Baada ya upasuaji koo lilimuuma, akasikia kuwa aliingizwa kooni mpira wa kupimia moyo. Hakutaka kuumeza tena.

Mkewe hakubishana naye. Alimwita mdogo wake, muuguzi wa chumba cha upasuaji.

"Shemeji, nasikia umegoma," muuguzi alisema akivuta kiti.

"Sijagoma. Nimepona."

"Siku ya upasuaji ulikaa sana ndani. Unajua kwa nini?"

"Mimi nilikuwa nimelala. Muulize dada yako."

"Vali ya moyo ni kama mlango," muuguzi alisema. "Damu ikishapita, inajifunga ili isirudi nyuma. Yako ilikuwa haifungi vizuri. Daktari aliishona, kisha tukaitazama kwa eko, kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha moyo kwenye skrini. Ule mpira wa kooni ndio uliotupa picha. Tukaona damu bado inavuja. Daktari akarekebisha, tukatazama tena, ikawa sawa. Bila eko, ungerudi nyumbani na vali inayovuja."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Mbona sikuambiwa?"

"Uliambiwa wodini, ukiwa unasinzia."

"Mimi pia niliambiwa," mkewe alisema polepole. "Niliposikia umeamka salama, mengine yote yalinipita."

"Basi, kama ilikuwa sawa, napimwa nini tena?"

"Baada ya upasuaji, maji yanaweza kujaa kuzunguka moyo, na mwanzoni usisikie chochote. Tena picha ya sasa ndiyo tutakayolinganisha na za baadaye. Safari hii unapakwa jeli kifuani, basi. Humezi kitu."

"Si ungeanza na hilo, shemeji."

Kesho yake fundi alilala ubavu wa kushoto. Mpimaji alitembeza kifaa kifuani pake, akatazama skrini, kisha akamwita daktari.

"Vali inafanya kazi vizuri," daktari alisema. "Lakini kuna maji kidogo kuzunguka moyo. Tumeyawahi. Utatumia dawa, kisha tutakupima tena. Ukibanwa pumzi au ukipata kizunguzungu, usingoje siku ya kliniki. Njoo mara moja."

Fundi alimeza dawa zake bila kuruka hata siku moja. Aliporudi kliniki na mkewe, mpimaji alitazama kwa makini, akatabasamu. Maji yalikuwa yamekauka.

"Tafadhali, geuza skrini kidogo," fundi alisema. "Mke wangu naye aone."

Mpimaji aliigeuza. Mkewe alisogea. Akaiona vali ikifungua na kufunga, ikifungua na kufunga. Aliweka mkono begani mwa mumewe.

"Inafunga," alisema.